Mtunzi wa Vita vya Kuigiza

Tangu kale mwanadamu amependa kuvigeuza vita kuwa mchezo, kana kwamba vita vyenyewe havikumtosha. Mzee wa Pwani aketiye barazani mbele ya bao lake lenye mashimo 32 na kete 64 huteka, huvunja nyumba, humwacha mwenziwe bila kitu, kisha hunywa kahawa pamoja na huyo aliyemfilisi. Hapana aliyepata kumshtaki kwa ukatili. Watoto wa miteremko ya Mlima Meru hugeuza mabua ya mahindi yakawa bunduki, hufa mara kumi kabla ya magharibi, na waitwapo kula huitika wote. Mchezo ni kivuli cha jambo, na kivuli hakimwagi damu.

Lakini zama hizi zimeleta mchezo ambao kivuli chake kimeukaribia sana mwili wake. Ni mchezo wa kompyuta uigao urubani wa ndege za vita. Yapo mengi ya namna hiyo: Falcon 4.0 ulitolewa mwaka 1998, IL-2 Sturmovik mwaka 2001, na DCS World ungali ukichezwa hata leo. Mwenye kucheza hukaa chumbani, pengine Sakina, pengine Njiro, mkononi ameshika usukani mdogo, na mbele yake saa na vitufe vya ndege vimechorwa kimoja kimoja, hata kile cha taa ya ndani. Ndege ya kuigiza huona uzito wa mafuta yake, hukosa nguvu penye hewa nyepesi, na huanguka ikivutwa kupita kiasi. Umeme wa mtaa ukikatika huanguka vilevile, bila ya kupigwa na mtu.

Mchezo huu una watu wa namna mbili, arukaye na atungaye. Arukaye ndiye asifiwaye na ndiye alaumiwaye, maana yeye ndiye aonekanaye akifyatua. Atungaye hukaa nyuma ya pazia. Yeye ndiye aliyeamua kwamba patakuwa na vita asubuhi hiyo, mahali hapo, baina ya hao. Na rubani akifika juu ya shabaha yake hukuta kila kitu kimekwisha kuwekwa tayari kama meza ya karamu. Habari za huyu wa pili hazisemwi sana, na pengine swali lililo zito ni lake.

Kazi yake yafaa ielezwe kwa urefu, kwa kuwa wengi huihukumu bila kuijua. Kwanza huchagua ramani. Halafu huchagua tarehe na saa, na jua humtii: kivuli cha Juni si kivuli cha Disemba. Huweka mawingu, kimo chake na unene wake; huvumisha upepo, akijua kwamba upepo wa chini na upepo wa juu si ndugu. Huyagawa mataifa pande mbili, moja nyekundu na moja ya bluu. Huweka ndege kwa makundi, na kila kundi hulichorea njia yenye vituo, na kila kituo hukipa kimo, mwendo na wakati. Hupima mafuta, maana ndege iliyojazwa ni nzito na iliyopunguziwa huenda isirudi. Hutundika mabomu chini ya mabawa. Huwapa marubani wasio na mwili daraja za ustadi: huyu wa kawaida, huyu mzoefu, huyu bingwa. Kisha huja sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni ya masharti na matokeo: ikiwa ndege ya adui itaingia katika duara hili, mzinga ule uamke, ikiwa daraja litavunjika, malori yale yageuke, ikiwa dakika 20 zitapita bila ya jambo, sauti isikike redioni. Mwisho huandika maelezo ambayo rubani atasomewa kabla ya kupaa, ili ajue nini kimetukia na nini kinamngoja. Baada ya yote hayo hujaribu kazi yake. Hujaribu mara ishirini, na mara kumi na tisa malori hukwama darajani, au ndege mbili hugongana kabla ya kuacha ardhi, au adui hushika njia yake akaenda asionekane tena. Alfajiri humkuta macho yamewiva.

(Wachezaji wa Kizungu huiita kazi hiyo kwa jina ambalo katika nchi ya Meru limezoea kuita kanisa, shule na zahanati. Ili wazee wasije wakaudhika bure, hapa itaitwa safari ya vita.)

Basi je, mtu huyu ametenda jambo la kuulizwa? Yapo majibu mawili ambayo husikika upesi. La kwanza husema kwamba hapana aliyekufa, kwa hiyo hapana swali. La pili husema kwamba azoeaye kupanga mauaji katika mchezo, siku moja atayapanga nje ya mchezo. Hili la pili lina sauti kubwa na ushahidi mdogo. Bao limechezwa karne nyingi, na mabaraza ya Pwani hayakupata kuwa mapango ya wauaji. Aidha, msemaji wa jibu hilo hakumtazama mtunzi akiwa kazini. Angemtazama angaliona kwamba muda wake mwingi hapangi mauaji bali anahesabu mafuta na kugombana na malori.

Jibu la kwanza ni gumu zaidi kulijibu, kwa kuwa ni kweli. Hapana aliyekufa. Lakini mji wa Arusha hauwezi kulipokea kwa wepesi kama miji mingine. Tangu mwaka 1995 hadi mwisho wa mwaka 2015 mji huu ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa kuhukumu mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Mwaka 1998 ilitoa hukumu yake ya kwanza. Sheria ya mahakama hiyo haikumhesabu mkosaji kuwa ni yule tu aliyeinua panga. Ilimtaja pia aliyepanga, aliyechochea na aliyeamuru. Mwaka 2003 watu wa redio na gazeti walihukumiwa kwa maneno yao. Katika jengo la mikutano ambalo watu wa Arusha hulipita kila siku wakienda sokoni au benki, ulimwengu ulifundishwa tena kwamba kupanga ni kutenda, na kwamba mkono usio na damu waweza kuwa ndio mkono wa kwanza.

Haifai hata kidogo kumfananisha kijana mwenye kompyuta na watu hao. Mfano huo ungekuwa matusi kwa waliokufa na dhuluma kwake. Wale walipanga vifo vya watu wenye majina; yeye amepanga mwendo wa picha. Linalochukuliwa kutoka katika mahakama hiyo ni dogo kuliko hilo, nalo ni kwamba kupanga si jambo tupu. Ni tendo, na kila tendo lina adabu yake. Neno “nilipanga tu” halimtoshi jenerali, halimtoshi karani, na halina sababu ya kumtosha mtunzi. Swali si kama ana hatia. Swali ni: adabu ya kazi yake ni ipi?

Pengine bao laweza kusaidia hapa kwa tofauti yake. Kete ya bao haina jina. Haidai kuwa mtu wa Kilwa wala wa Pate. Shimo si kijiji. Nyumba ya bao haina mama aliyeketi ndani. Ndiyo maana mchezaji hadaiwi. Mtunzi wa safari ya vita, kinyume chake, huanza kwa kuandika jina. Huandika mahali, siku, mwezi na mwaka. Hutaka wenziwe waamini kwamba ndivyo ilivyokuwa, na sifa yake kubwa ni kuambiwa kwamba ameigiza sawasawa. Akisema “mahali fulani, jeshi fulani, juu ya bahari fulani,” amecheza bao. Akisema “Bukoba, mwaka 1978,” amekopa. Amechukua kutoka kwa watu halisi siku yao iliyokuwa mbaya kuliko zote, akaifanya burudani. Mkopo si wizi, ila hulipwa. Nao hulipwa kwa ukweli, na hasa ukweli wa mambo ambayo mchezo haukuyataka.

Nchi ya Meru yenyewe ina mfano wa zamani wa vita vilivyotungwa vizuri. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliazimia kuwatoa Wajerumani katika nchi ya Kilimanjaro. Mpango ulipendeza kuutazama. Jeshi moja lingesukuma kutoka upande wa Taveta. Jingine, chini ya Jenerali Stewart, lingetoka Longido, lipite katika uwazi ulio baina ya Meru na Kilimanjaro, na kuifunga njia huko Bomang'ombe ili adui asipate pa kutokea. Palikuwa na macho ya angani pia. Kikosi cha 26 cha ndege, ambacho watu wake walitoka Afrika ya Kusini, kilikuwa na kiwanja huko Mbuyuni, upande wa Kenya, na ndege zake za mabawa mawili ambazo hazikuweza kupanda hata kukifikia kilele cha Meru chenye mita 4,566. Mtunzi wa leo angelipenda sana jambo hili: rubani peke yake, mawingu, milima miwili mikubwa kuliko ndege yake, na jeshi zima lililopotea machoni pa wakuu wake.

Stewart alichelewa. Alipoifikia njia ya Moshi, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuteremka kuelekea Kahe, na vita ambavyo katika karatasi vingekwisha kwa wiki moja viliendelea hadi Novemba 1918. Lawama zilimwangukia yeye. Lakini nchi iliyoonekana wazi katika ramani ilikuwa na miiba, makorongo na giza la usiku, na mnyama akokotaye gari hajui tarehe aliyopangiwa.

Huo ni upungufu wa kwanza wa mpango, na watunzi wema wanaujua. Ndiyo sababu hujaribu mara ishirini. Upungufu wa pili hauonekani kwa kujaribu. Majeshi hayo yalibebewa chakula, risasi na maji na wapagazi Waafrika, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao. Mchezo wa vita hivyo waweza kutungwa bila ya mpagazi hata mmoja, ukaenda vizuri, malori na ndege vikafika kwa wakati, na mchezaji asione pengo lolote. Kosa la lori kukwama darajani hujitangaza lenyewe. Kosa la mtu aliyeachwa nje ya picha halijitangazi kamwe, kwa kuwa aliyeachwa hana pa kukwamia.

Wala kuwaacha watu nje ya picha si desturi ya michezo peke yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliunda tume ya Jaji Wilson ichunguze ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Katika ramani, mashamba ya walowezi yaliyokuwa pande mbili za Ngare Nanyuki yalikuwa yametengwa na ardhi ya Wameru iliyokuwa katikati, na mtu mwenye kalamu alipotazama aliona kwamba ingekuwa nadhifu kuyaunganisha. Unadhifu huo uligharimu. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikachomwa, wakaambiwa wahamie King'ori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuyaeleza mambo ambayo ramani haikuyaonyesha. Mashitaka yake hayakurudisha ardhi siku ile. Lakini mtu kutoka mteremko wa Meru alisimama mbele ya mataifa akajiweka yeye mwenyewe katika picha aliyokuwa amefutwa. Wenye mpango ule hawakuwa wote watu waovu. Walitazama kutoka juu, na kutoka juu nyumba ni alama.

Sasa achukuliwe kijana mmoja wa Arusha, ambaye hana haja ya jina kwa kuwa ni wa mfano tu. Babu yake alikuwa askari katika vita vya Kagera. Kijana ataka kutunga safari ya vita vya mwaka 1978 na 1979, na sababu yake ni njema: katika michezo yote aliyonunua ameona vita vya Wazungu, Waarabu na Wamarekani, na hajaona hata kimoja cha kwao. Shida ya kwanza humpata mlangoni. DCS World ina ramani za Kaukasia, za Nevada, za Ghuba ya Uajemi, za Syria, za Sinai, za Normandy na nyinginezo. Afrika ya Mashariki haimo. Basi hufanya kama mtu aliyekosa unga wa mahindi akasonga kwa mihogo. Huchukua Kaukasia. Bahari Nyeusi huwa Ziwa Victoria, na mji wa Batumi huwa Bukoba. Ndege aina ya MiG-21 imo, ingawa si ya toleo lile lile lililorushwa siku zile. Hali inakwenda vizuri, mpaka aamke mapema katika mchezo na kutazama mapambazuko. Batumi iko pwani ya mashariki ya bahari yake, na Bukoba iko pwani ya magharibi ya ziwa lake. Bukoba jua huchomoza majini. Batumi huzama majini. Rubani atokaye Uganda akishambulia asubuhi, katika mchezo huwa na jua upande usio wake, na askari wa chini aliyepaswa kupofushwa na mng'ao wa ziwa huona vizuri kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo kwa mtu aliyekuwa amesimama pale na mzinga. Lakini kosa hili ni la chombo, na msamaha wake ni mwepesi: aliandike katika maelezo, aseme kwamba jua si la Bukoba.

Iko faida moja ya kazi hii ambayo wenye kuilaani hawajaiona, nayo humjia kijana katika usiku wa tatu au wa nne. Mchezaji humwona adui kwa sekunde chache, naye huwa ni nukta nyeusi tu mbele ya wingu. Mtunzi huishi na adui wiki nzima. Hana budi aamue rubani wa Uganda amepaa saa ngapi, ana mafuta kiasi gani, ameambiwa nini na wakuu wake, ana ustadi gani, na ataogopa wakati gani. Akimfanya mjinga, mchezo hauna ladha. Akimfanya shetani asiyekosea, haupitiki. Ili mchezo uwe mzuri hana budi akae katika kiti cha adui, atazame saa ya mafuta ya adui, na amtafutie njia ya kurudi nyumbani. Mtoto aliyekulia katika nyimbo za ushindi hakupata kufundishwa jambo hilo na wimbo hata mmoja. Ni ajabu kwamba afundishwe na mchezo wa vita.

Na vita vya Kagera, ukivitazama kwa jicho la mtunzi, hukataa kutungika kwa unadhifu. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 yalitaka kulikata daraja la Kyaka. Ndege zilipelekwa kulipiga, zikashindwa. Mwishowe liliangushwa kwa baruti iliyotegwa kwa mikono. Mtunzi anayeheshimu ukweli atamtuma mchezaji akapige daraja ambalo halikukubali kupigwa, na mchezaji atalalamika kwamba mchezo una hitilafu. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, aina ya Tu-22, ilikwenda kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza ili kuwakatisha tamaa Watanzania. Ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, mahali pa kuhifadhia wanyama, wakauawa wanyamapori kadhaa. Katika hesabu ya mchezo, safari hiyo ni sifuri: matangi hayakuguswa, alama hazikupatikana. Katika ukweli si sifuri. Orodha ambayo mtunzi huchagulia vitu vyake imejaa vifaru, mizinga, malori na meli. Mnyama aliyekuwa akila majani kisiwani hana nafasi ndani yake, na mvuvi aliyekuwa karibu hana nafasi kubwa kuliko hiyo. Waswahili husema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Mchezo umewachora tembo kwa ustadi wa kustaajabisha, na nyasi umezifanya rangi ya kijani tu.

Hapa mtu mwenye busara atainua kidole. Atasema kwamba mchezo ukijazwa wapagazi wanaokufa, akina mama wanaokimbia na paa waliochanika, hautakuwa mchezo tena, na hapana atakayeucheza. Pingamizi hili lina haki yake. Burudani haiwezi kuwa msiba, na mtu aliyechoka na kazi ya mchana ana ruhusa ya kuruka juu ya mawingu bila ya kuhubiriwa. Tena kuna hatari ya kinyume chake: vilio vikiwekwa kama pambo huwa vibaya kuliko visipowekwa, kwa kuwa msiba wa watu hugeuzwa kiungo cha mchuzi. Kwa hiyo haidaiwi kwamba kila kitu kionekane. Mtunzi wa riwaya pia haandiki kila kitu. Linalodaiwa ni kwamba mtunzi ajue amemwacha nani, na kwamba kuacha kwake kuwe ni uamuzi, kusiwe ni usahaulifu. Yako mengi ayawezayo kwa sharti na tokeo lile lile la kuamshia mizinga. Aweza kuweka mabasi katika barabara iendayo darajani. Aweza kuagiza kwamba bomu likianguka nje ya shabaha, maelezo ya mwisho yamwambie rubani limeangukia wapi. Hayo hayaharibu mchezo; humfanya arukaye atazame chini mara moja zaidi kabla ya kufyatua.

Wala lisidhaniwe kuwa ni jambo la chumbani tu. Ukuta uliokuwa baina ya mchezo na kazi umekuwa mwembamba. Ndege ya Kimarekani ya A-10C iliyomo katika DCS ilitokana na programu iliyotengenezwa kwanza kwa mafunzo ya marubani wa Air National Guard ya Marekani. Ndege zisizo na rubani nazo huongozwa na watu wakaao vitini mbele ya vioo, maelfu ya kilomita mbali na mahali bomu liangukapo. Na huko Monduli, mwendo mfupi tu kutoka Arusha, vijana wa nchi hii husomeshwa uofisa katika chuo cha kijeshi. Hapana shaka wamo kati ya vijana wa leo waliogusa ramani ya kuigiza kabla ya kugusa ya kweli. Mazoea ya jicho hayaachwi mlangoni. Aliyezoea ramani isiyo na watu ataiona ya kweli vivyo hivyo.

Lakini jambo lililo gumu kuliko yote humpata kijana wa mfano wetu afikapo Musoma. Katika vita vile ndege tatu za Tanzania ziliangushwa na mizinga ya Tanzania yenyewe karibu na mji huo. Babu yake hakulisimulia sana jambo hili. Walioshinda hawapendi kulisimulia. Kijana huona kwamba kazi yake haitakuwa ya kweli akiliacha, kwa kuwa marubani wale nao walikuwa na mama zao, na walikufa katika vita vile vile ambavyo wengine walivifia wakapigiwa mizinga ya heshima. Huweka mizinga. Huweka ndege tatu. Huzichorea njia ya kurudi. Hujaribu, na ndege hupita juu ya mizinga salama, zikatua.

Hujaribu tena, nazo hutua tena. Ndipo hufahamu. Katika mchezo, mzinga wa bluu haulengi kamwe ndege ya bluu. Kila kitu kimezaliwa kikijua rangi ya mwenziwe. Hapana ukungu katika jicho la askari, hapana simu iliyochelewa, hapana kijana wa miaka 20 ambaye ameambiwa tangu alfajiri kwamba adui atakuja kutoka ziwani na sasa anasikia mngurumo kutoka ziwani. Mashine hii iliyoweza kuigiza wingu, upepo na uzito wa mafuta haikuweza kuigiza kutokujua. Na kutokujua ndiko kulikowaua watu wale.

Imebaki njia moja. Aweza kuzihamisha ndege zile tatu upande wa wekundu. Akifanya hivyo mizinga itaamka, itazilenga na kuzitungua, na jambo litaonekana kwa macho kama lilivyokuwa. Lakini katika daftari la mashine, marubani watatu wa Tanzania watakuwa wameandikwa kuwa maadui wa Tanzania. Ili aonyeshe ukweli wa kifo chao hana budi aseme uongo juu ya maisha yao. Na akikataa kusema uongo huo, watatua salama kila siku katika kiwanja ambacho hawakukifikia, na huo nao ni uongo, tena mtamu zaidi.

Wenye maarifa ya falsafa wanaweza kubishana ni uongo upi ulio mwepesi. Wako watakaosema kwamba heshima ya jina ni kubwa kuliko usahihi wa picha, na kwamba afadhali tukio hilo lisitungwe kabisa. Hoja hiyo ina uzito, ila inafanana mno na ukimya wa walioshinda. Inaelekea kuwa na haki zaidi yule atakayezitia ndege zile rangi nyekundu kwa mkono wake, huku akijua anachokitenda, kisha akaandika katika maelezo ya safari, kabla ya habari za hali ya hewa na masafa ya redio, kwamba ndege tatu zitakazoonekana saa fulani juu ya Musoma ni za Tanzania, kwamba zimetiwa rangi ya adui kwa kuwa mchezo haujui njia nyingine, na kwamba walioziangusha hawakuwajua waliomo. Maneno hayo hayamwongezei mchezaji alama hata moja, na wengi watayapita haraka ili wapate kuruka.